Gasketi ya Boksi

Niliinunua kwa bei ya beberu mmoja,
beberu mwenyewe asiwe mnene,
kwa mjane wa bwana shamba, huku huku Newala.
Kuku alikuwa akiatamia juu ya kiti kilichotumbuka.
Tukangoja siku nane vifaranga vitoke,
ndipo akanikabidhi.

Honda hamsini. Injini unaweza kuipakata.

Chande, mtoto wa dada, ana Boksa ya mkopo,
anapakia abiria stendi hadi Kitangari.
Aliitazama, akacheka mpaka akakaa chini:
"Mama mdogo, hiki si chombo. Huu ni msiba."

Mimi ni fundi cherehani, mwaka wa ishirini na sita huu.
Najua chuma kinachong'ang'ania kwa kutu
na kinachong'ang'ania kwa kiburi.
Cha kutu kipe mafuta ya taa, kilale nayo.
Cha kiburi kiache, kasonge ugali,
urudi kama mtu aliyesahau kitu kingine.

Huku kwetu ndoo ya maji ina heshima zake;
nani ataoshea pikipiki, majirani wakiona?
Niliisugua kwa mchanga na masalio ya sare za shule.
Chini ya nyekundu ikatoka buluu,
chini ya buluu herufi nne, SHAM na kipande cha B,
zilizobaki zimeliwa.
Kwenye kila pembe ya fremu, unga wa njano:
salfa, ya msimu gani sijui.
Nikapiga chafya tatu, kama zamani, Juni,
nikiwa nimefunga leso puani katika mikorosho ya baba.

Ndani ya eksozi nyigu walijenga.
Niligonga, vikadondoka vyumba vinne vya udongo,
kimoja na buibui wake, mkavu, hajaguswa.

Kabureta niliifungulia juu ya sinia.
Tundu la jeti limeziba, dogo kuliko jicho la sindano.
Sindano ninazo mia, ila zingelipanua.
Nikang'oa unywele mmoja wa mswaki.

Na gasketi ya ubavuni? Mtwara mjini hawana.
Dar wanauliza, "Honda gani hiyo?" wanakata simu.
Nikachukua boksi la viatu,
nikachora kwa chaki,
nikakata kama ninavyokata kola:
polepole penye kona, pumzi nimeibana.

Somoe wa ng'ambo ya barabara huniuliza kila siku,
"Sasa utakwenda nayo wapi?"
Sikuwa na jibu la kumpa mtu aliyeshika ungo.
Ila usiku, nikikaza nati, niliwaza:
kila ninachoshona kina mwenyewe.
Kiuno cha mtu, harusi ya mtu, Idi ya mtu,
na mtu amesimama mlangoni anauliza bado.
Hii hakuna anayeingoja.

Kiki, kiki, kiki. Jumatatu hakuna.
Jumanne goti limevimba.
Jumatano nikasafisha pointi kwa msasa wa kucha.
Alhamisi, adhuhuri, ikakohoa.
Ikakohoa tena, ikatema moshi na masizi,
ikashika.
Mlio mwembamba, wa haraka,
kama cherehani inayokimbiza pindo refu.

Chande alivuka barabara na tonge mkononi.
Hakucheka. Aliinama, akategea sikio.
"Inakula mafuta mengi," akasema.
Haya, sasa tulikuwa tunaongea.

Jioni nikaipeleka mpaka Shimo la Mungu, gia ya kwanza,
breki ya nyuma sijaifunga bado,
nikisimamia kandambili.
Pale ardhi inapokatika niliizima.
Bonde lote chini, Ruvuma mahali fulani humo,
na ng'ambo yake Msumbiji, imefifia kama kitenge cha zamani.
Sikuteremka. Sikuwa na breki, nimeshasema.

Tone la oili likaniangukia kidole gumba cha mguu.
Gasketi inavuja.
Sawa. Nitakata nyingine.
Mfuniko wa boksi bado upo.